Miaka Minne ya Jezi: Michezo ya Chuo Kikuu Mjini Kakamega

Mvua ya Kakamega ina saa zake. Asubuhi jua huwaka bila wasiwasi, mchana mawingu hujikusanya upande wa msitu, na ikikaribia saa kumi alasiri mbingu hufunguka. Hizo ndizo saa ambazo wanafunzi wa chuo kikuu hutoka darasani kwenda mazoezini. Mchezaji wa raga aliyefunzwa hapa hujifunza mapema kuudaka mpira unaoteleza kama sabuni, na mgeni kutoka Nairobi aliyezoea uwanja mkavu huhitaji robo saa nzima kabla ya miguu yake kukubali kwamba imefika Magharibi.

Wanafunzi wanaokosa nafasi katika mabweni ya chuo, au wanaotaka tu kujipikia ugali wao kwa uhuru, hupanga vyumba mitaani, wengine Lurambi, wengine Kefinco, wengine Amalemba. Kwa hiyo beki wa timu ya chuo si mtu wa kuonekana kwenye picha tu. Ni mpangaji wa chumba cha tatu, yule anayeanika soksi za mpira kwenye kamba ya pamoja, na mama mwenye kibanda cha mboga anajua kama Jumamosi walishinda au walipigwa. Jambo hilo linaonekana dogo, lakini michezo ya chuo kikuu katika mji huu haieleweki bila hilo. Timu ya chuo hapa haina ukuta. Inatoka mjini, inacheza na mji, na mwishowe inawarudisha vijana wake mjini.

Chuo chenyewe ni Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro, ambacho kila mtu hukiita MMUST, kilichoko kando ya barabara ya kuelekea Webuye. Mizizi yake ni ya mwaka 1972, enzi ambazo wananchi wa mikoa mbalimbali ya Kenya walichanga pesa kwa harambee ili kujijengea vyuo vya ufundi. Chuo cha Magharibi kiliitwa WECO, na wazee wengi wa Kakamega bado hulitumia jina hilo wanapoelekeza mtu njia. Mwaka 2002 kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi, na mwaka 2007 kikasimama chenyewe kama chuo kikuu kamili. Jina kilipewa la Masinde Muliro, mwanasiasa aliyeingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1957 miongoni mwa Waafrika wa kwanza kuchaguliwa kwa kura, akawa baadaye mmoja wa vigogo wa kupigania vyama vingi, na akafariki tarehe 14 Agosti 1992 punde baada ya kushuka kwenye ndege jijini Nairobi akitoka London.

Chuo kikuu kilichosimama mwaka 2007 hakina mila za michezo za karne nzima. Mashindano ya makasia kati ya Oxford na Cambridge yalianza mwaka 1829; yale ya Harvard na Yale mwaka 1852. MMUST haina cha kulinganisha na hayo, na haina haja. Ilizaliwa mahali ambapo mila za michezo zilikuwa tayari zimejaa hadi pomoni. Kazi yake ilikuwa kuziokota.

Zilikuwa zimeanzia shuleni. Shule ya Upili ya Kakamega ina timu ya soka iitwayo Green Commandos, jina ambalo mpenzi yeyote wa kandanda ya shule za Kenya analijua hata kama hajawahi kufika Magharibi. Huko Ikolomani kuna Musingu, na timu yake ya Scorpions. Hizi mbili zikikutana, mji mzima hugawanyika, na kuna wanaume wenye mvi na vitambi ambao hadi leo hawajasameheana kuhusu penalti za miaka iliyopita. Mukumu ilijijengea jina kwenye voliboli ya wasichana, Butere kwenye soka ya wasichana. Mwanafunzi anayeingia MMUST kutoka shule kama hizo haji kufunzwa kucheza. Anakuja amekwisha kuchezea mbele ya umati ambao vyuo vikuu vingi vingeuonea wivu.

Ubavuni mwa shule ziko klabu. AFC Leopards, iliyoundwa mwaka 1964 kwa jina la Abaluhya, ina makao Nairobi lakini moyo wake uko huku, na ikija kucheza katika uwanja wa Bukhungu mjini hapa watu hufunga maduka mapema. Kakamega Homeboyz ni ya mji wenyewe. Katika msimu wa 2021/22 ilimaliza ligi kuu ikiwa na pointi sawa na Tusker na kukosa ubingwa kwa tofauti ya mabao, kidonda ambacho kilipozwa kidogo mwaka 2023 ilipowafunga Tusker hao hao na kutwaa kombe la shirikisho. Uwanja wa Bukhungu nao uliona siku yake kubwa tarehe 3 Desemba 2017, timu ya taifa ya soka, Harambee Stars, ilipofungua mashindano ya CECAFA kwa kuilaza Rwanda 2-0. Stars waliendelea hadi fainali ya Machakos, wakaishinda Zanzibar kwa mikwaju ya penalti.

Katikati ya shule na klabu ndipo ilipo timu ya chuo kikuu, na hapo ndipo Kenya inapoachana kabisa na mfumo ambao watu wengi huuona kwenye filamu za Marekani. Kule, chuo hucheza na chuo. Chama cha michezo ya vyuo kilichoundwa mwaka 1906 kina sheria zake, ligi zake, televisheni zake na viwanja vinavyobeba watu zaidi ya laki moja. Kijana wa chuo hakutani na mfanyakazi wa benki uwanjani. Kakamega mambo ni tofauti. Ndiyo, kuna mashindano ya vyuo vikuu yanayosimamiwa na shirikisho la michezo ya vyuo vikuu nchini, kuanzia kanda hadi fainali za kitaifa, na washindi huweza kwenda michezo ya Afrika Mashariki na hata ile ya Afrika nzima. Lakini timu bora za chuo hazitosheki na hayo. Hujisajili katika ligi za kawaida za nchi, zikapambana na klabu za benki, za viwanda vya sukari, za polisi na za mitaa, kwa sheria zile zile na kwa refa yule yule.

Hivyo ndivyo klabu ya soka ya MMUST ilivyofika kucheza katika Supa Ligi ya Taifa, daraja moja tu chini ya ligi kuu. Na hivyo ndivyo timu ya raga ya MMUST ilivyopanda hadi Kenya Cup, daraja la juu kabisa la raga nchini. Vijana wenye mtihani wa hesabu Jumatatu walijikuta Jumamosi wakisukumana kwenye skramu na wanaume wa miaka thelathini ambao kazi yao ni hiyo.

Raga inastahili kusimuliwa kwa kituo, kwa sababu ndiyo inayoonyesha jambo hili waziwazi zaidi.

Kwa miaka mingi Kenya Cup ilikuwa mali ya Nairobi. Klabu zilikuwa Nairobi, marefa walikuwa Nairobi, magazeti yalikuwa Nairobi, na timu ya Magharibi ilionekana kama mgeni aliyealikwa kwa hisani. Kisha Kabras Sugar, timu ya kampuni ya sukari ya West Kenya kule Malava, ikaanza kujenga. Ilitwaa Kenya Cup mwaka 2016 na kuitwaa tena 2022, na uwanja wake wa nyumbani, ule wa maonyesho ya kilimo mjini Kakamega, ukawa mahali ambapo Wanairobi hufika wakiwa na hofu. Western Bulls nayo, timu yenye jina linalofaa kabisa kwa watu wanaopenda vita vya mafahali, ilipanda hadi daraja hilo la juu. Ukiongeza MMUST, mji mmoja wa kadiri umewahi kutoa timu tatu za Kenya Cup. Ni miji michache sana ya Kenya, ukitoa Nairobi, inayoweza kudai hivyo.

Kuwa na jirani kama Kabras ni neema na balaa. Neema, kwa sababu mwanafunzi anaweza kuutazama mchezo wa kiwango cha juu bila kulipa nauli ya kwenda Nairobi, na kwa sababu mchezaji hodari anajua kwamba kuna macho yanayomtazama. Balaa, kwa sababu macho hayo humchukua. Kocha wa chuo anaweza kumlea kijana miaka miwili, akamfunza kupiga chenga, kukaba, kusoma mchezo, halafu siku moja akamwona akiwa na jezi ya klabu yenye uwezo wa kumlipa posho. Hakuna wa kulaumiwa hapo. Kijana ana karo, na nyumbani kuna wadogo zake.

Timu nyingine za wanafunzi za Kenya zimepita njia hiyo hiyo. Blak Blad ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, Strathmore Leos, Monks wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki na Falcons wa Daystar zote zimecheza Kenya Cup, na Leos walifika hata fainali mwaka 2022, ambako Kabras waliwasubiri. Lakini mama wa timu zote hizo ni Mean Machine ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Iliundwa mwaka 1977 na ikatwaa Kenya Cup mwaka huo huo, ikarudia 1989 na 1990. Fikiria wanafunzi, wengi wao wakila chakula cha mesi, wakiwa mabingwa wa nchi mbele ya klabu zilizoanzishwa na wakoloni, zenye baa, mabwawa ya kuogelea na wanachama wenye magari. Enzi hizo hazijarudi, na kwa jinsi klabu kubwa zinavyowalipa wachezaji leo, ni vigumu kuona zitarudi vipi.

Machine ilitoa watu ambao hawakuishia kwenye raga. Watu wa Magharibi humkumbuka zaidi J. J. Masiga, aliyesomea udaktari wa meno Nairobi, akacheza raga na Mean Machine, na bado akawa mshambuliaji wa AFC Leopards na Harambee Stars katika miaka ya themanini, wakati Leopards ilipochukua kombe la klabu bingwa la Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo, 1982, 1983 na 1984. Mtu mmoja, michezo miwili ya kimataifa, na leseni ya kung'oa meno. Mashabiki wa Leopards walipenda kusema kwamba mabeki walimwogopa kwa sababu zote tatu.

Kuna pia Humphrey Kayange, ambaye alisomea kemia katika chuo hicho hicho huku akiichezea Machine, akawa nahodha wa timu ya taifa ya wachezaji saba kila upande, na mwaka 2021 akawa Mkenya wa kwanza kuingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa wa raga ya dunia. Mdogo wake, Collins Injera, aliyesoma Shule ya Upili ya Vihiga, si mbali na Kakamega, alivunja mwaka 2016 rekodi ya dunia ya kufunga trai katika msururu wa raga ya saba. Na kuna Ferdinand Omanyala, kijana wa Tongaren kaunti jirani ya Bungoma, mwanakemia mwingine wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Alikuwa mchezaji wa raga hadi mwaka 2015 aliposhauriwa kujaribu mbio. Tarehe 18 Septemba 2021, katika uwanja wa Kasarani, alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 na kuwa Mwafrika mwenye kasi kuliko wote katika historia. Mwaka uliofuata alileta dhahabu ya Jumuiya ya Madola kutoka Birmingham. Pengine kuna kitu wanachopewa wanafunzi katika maabara ile ya kemia.

Mkasa wa Omanyala una funzo kwa wanaosimamia michezo ya vyuo. Yeye hakugunduliwa na mfumo wowote wa riadha wa shule. Alikuwa mkubwa, anacheza mchezo mwingine kabisa. Nchi inayosifika kwa kuwatambua wakimbiaji wa masafa marefu tangu wakiwa watoto ilimpata mwanariadha wake wa mbio fupi kwa bahati, kwenye uwanja wa raga. Ni wangapi wengine wamepita katika viwanja vya vyuo na kuondoka na shahada bila mtu kuwashikia saa ya kupima muda?

Turudi Kakamega, kwenye kelele. Mchezo wa chuo kikuu bila kelele si mchezo, na hapa kelele ina asili yake. Waisukha na Waidakho, jamii zinazoishi kusini na mashariki mwa mji, wana ngoma ya isukuti, inayopigwa kwa seti ya ngoma tatu, kubwa, ya wastani na ndogo, ikisindikizwa na pembe na njuga. Mwaka 2014 UNESCO iliiorodhesha miongoni mwa urithi wa utamaduni usioshikika unaohitaji kulindwa kwa dharura, kwa sababu vijana walikuwa wakiiacha. Yeyote aliyeketi jukwaani AFC Leopards ikicheza angeshangaa kusikia hivyo. Isukuti imehamia viwanjani. Hupigwa harusini na mazikoni kama zamani, lakini pia hupigwa mpira ukiwa umekaribia lango, na mdundo wake hubadilika bao likiingia. Ni vigumu kusema kama huko ni kulindwa au kuharibika kwa urithi. Mzee wa Shinyalu, huko kwa Waisukha, angeweza kuwa na neno juu ya hilo.

Wanafunzi wameongeza lao. Wao hujiita makomredi, kama ilivyo katika vyuo vyote vya umma nchini Kenya, na komredi akiingia uwanjani huja na wimbo, filimbi, vuvuzela, na maoni juu ya mamake refa. Nyimbo nyingi ni zile zile za harambee na za kampeni za uchaguzi wa viongozi wa wanafunzi, maneno yakibadilishwa. Kuna zisizoweza kuchapishwa. Kuna pia ule utani wa kozi kwa kozi wakati wa mashindano ya ndani, ambapo wahandisi huwaimbia walimu watarajiwa kwamba watalipwa kwa chaki, nao wanafunzi wa usimamizi wa majanga, somo ambalo MMUST inajulikana nalo sana, huambiwa waingie uwanjani maana timu yao ndiyo janga lenyewe.

Haya mashindano ya ndani hayapewi heshima yanayostahili. Magazeti hayayaandiki, na hata tovuti za vyuo hupitisha picha mbili tatu tu. Lakini hapo ndipo wanafunzi wengi hucheza. Kikosi cha kwanza cha raga kina nafasi kumi na tano na wa akiba; cha soka kumi na moja na wa akiba; chuo kina maelfu ya vijana. Kwa wengi wao, michezo ya chuo kikuu maana yake ni mechi ya bweni na bweni, jezi za kuazima, na magoli ambayo nyavu zake zimetoboka. Chuo kinachopima michezo yake kwa vikombe pekee kinawasahau hao.

Halafu kuna pesa, ambazo hakuna kocha wa chuo anayependa kuzizungumzia mbele ya wageni. Kucheza ligi ya taifa kunamaanisha kusafiri, na Kakamega iko pembeni. Safari ya kwenda Mombasa ni zaidi ya kilomita 800 kwa barabara. Basi huondoka usiku, vijana hulala wamekunja miguu, wanacheza, wanarudi usiku mwingine, na Jumatatu saa mbili asubuhi mhadhiri anaita majina. Klabu za wafadhili hulala hotelini. Timu ya wanafunzi hutegemea bajeti ya chuo, na bajeti ya chuo cha umma nchini Kenya katika miaka ya karibuni ni jambo la kulialia, mishahara ikiwa nyuma na madeni yakiwa mbele. Pesa zikipungua, basi la timu ndilo la kwanza kuegeshwa.

Tatizo la pili ni kalenda. Ligi hazijali muhula. Chuo kikifungwa, wachezaji hutawanyika hadi Turkana na Kwale, na timu inayoongoza ligi mwezi Novemba inaweza kuwa na wachezaji tisa mwezi Januari. Ugonjwa wa korona ulipofunga vyuo mwezi Machi 2020, timu za kampuni angalau ziliweza kuwatumia wachezaji wao mishahara na ratiba za mazoezi ya nyumbani. Timu za wanafunzi zilirudi vijijini, na nyingine zilichukua muda mrefu kukusanyika tena.

Na la tatu, kubwa kuliko yote, ni miaka minne. Klabu ya kawaida inaweza kukaa na nahodha wake miaka kumi. Chuo humwaga kikosi chake chote kila baada ya miaka minne, si kwa sababu kimeshindwa bali kwa sababu kimefaulu: vijana wamehitimu. Timu iliyopanda daraja si timu itakayocheza katika daraja hilo. Ukitazama jinsi timu za vyuo nchini Kenya zinavyopanda na kushuka, kupanda na kushuka, utaona mawimbi ambayo hayafuati ubora wa kocha bali tarehe za mahafali.

Uganda iliamua kujaribu njia nyingine. Mwaka 2012 ilianzisha ligi ya soka ya vyuo vikuu peke yao, inayoonyeshwa kwenye televisheni, na mechi zake hujaza viwanja vya kampasi jioni kwa namna ambayo Wakenya huitazama kwa kijicho. Katika ligi hiyo wanafunzi hucheza na wanafunzi, na tatizo la mihula hupungua kwa sababu kila timu ina tatizo lile lile. Hata hivyo Waganda hawakuacha njia ya pili: timu za mpira wa vikapu za Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda, za wanaume na za wanawake, hucheza ligi ya taifa na kuzisumbua klabu kubwa za Kampala. Kenya ina vyuo vya kutosha kufanya yote mawili. Kinachokosekana si vipaji.

Njia ya tatu, ile ya kuondoka kabisa, Wakenya wanaijua vizuri. Mike Boit alikwenda Marekani kwa miguu yake ya mita 800, akarudi na shahada na hatimaye akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Henry Rono alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington alipovunja rekodi nne za dunia katika siku 81 za mwaka 1978, kuanzia mita 5,000 mwezi Aprili hadi mita 3,000 kule Oslo mwishoni mwa Juni, na katikati mita 3,000 kuruka viunzi na maji na mita 10,000. Hadi leo makocha wa vyuo vya Marekani huja Bonde la Ufa kutafuta wakimbiaji. Kakamega hawaji sana. Mchezaji wa raga au wa soka wa hapa hana soko la namna hiyo ng'ambo, na labda ndiyo sababu timu za nyumbani bado zina nguvu.

Kwa wanawake picha ni nyembamba zaidi, ingawa imeanza kupanuka. Mwaka 2021 Vihiga Queens, timu kutoka kaunti jirani, ilishinda mchujo wa CECAFA na kuiwakilisha kanda hii katika mashindano ya kwanza ya klabu bingwa ya wanawake Afrika, kule Misri. Chuo Kikuu cha Zetech, karibu na Ruiru, kiliingia katika ligi kuu ya wanawake kwa timu yake ya Sparks. Msichana aliyetamba na Butere hadi fainali za shule ana sababu leo ya kuuliza, kabla hajajaza fomu za kuchagua chuo, ni chuo gani kitampa masomo na uwanja kwa pamoja. Kizazi kimoja nyuma swali hilo lingechukuliwa kuwa mzaha. Vyuo vitakavyojibu kwanza ndivyo vitakavyovuna, na MMUST imekaa katikati ya shamba hilo.

Chuo hiki kina faida nyingine ambayo haionekani kwenye jedwali la ligi. Kina idara inayofundisha sayansi ya michezo na uimarishaji wa afya, maana yake ni kwamba anayejua kupima uchovu wa misuli na anayeumwa misuli wanaweza kuwa katika jengo moja. Katika vyuo vingi vya kanda hii watu hao wawili hawajawahi kufahamiana. Mchezaji akiteguka kifundo cha mguu hupelekwa kwa mama mkandaji, afadhali awe na bahati ya kumpata aliye hodari.

Mwanzoni mwa kila mwaka wa masomo wageni huja kwenye majaribio, wengine na viatu vya mpira, wengine pekupeku, wengine na vyeti vya shule vilivyokunjwa mfukoni kuthibitisha kwamba waliwahi kufika mashindano ya kitaifa. Kocha aliyekwisha kuumia atawauliza kozi kabla ya kuwauliza nafasi wanayocheza. Mwalimu mtarajiwa atampotea kwa muhula mzima akienda mazoezi ya ufundishaji. Mhandisi atafungiwa karakana. Mwanafunzi wa uuguzi, hata awe na kasi kiasi gani, ana zamu hospitalini, na wagonjwa hawaahirishwi kwa sababu Kabras wamekuja kucheza. Kocha ataandika majina yote hayo, na kando ya kila jina mwaka wa kuhitimu, kisha ataanza kupanga timu kwa kuhesabu kurudi nyuma.